Barua na Mwenyewe

Barua ina watu wawili wenye haki juu yake, aliyeiandika na aliyeandikiwa, na kati ya hao wawili kuna njia. Njia hiyo aghalabu imo mikononi mwa watu wengine. Zamani ilikuwa mikononi mwa tarishi, karani wa posta na dereva wa lori. Siku hizi imo mikononi mwa mitambo na watu wanaoiamuru mitambo hiyo. Katika kurasa hizi nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulitazami mara mbili, nalo ni ile amri iwekwayo ndani ya sanduku la barua pepe, kwamba kila barua ifikayo hapa ipelekwe mbele kwenye sanduku lingine. Vijana husema kufowadi. Mimi nitasema kupeleka mbele, maana maneno hayo yanatosha. Je, amri hiyo iwe ya nani? Ya mwenye sanduku, ya mwajiri wake, ya kampuni yenye mtambo, au ya yule aliyekaa mbele ya kompyuta siku sanduku lilipofunguliwa?

Kwangu mimi swali hili halikuanza na kompyuta. Nimezaliwa Mpanda, na mtu wa Mpanda hujifunza mapema kuwa anwani si kitu cha kudumu. Mji wetu ulikuwa katika Mkoa wa Tabora hata mwaka 1974, ulipotiwa katika Mkoa mpya wa Rukwa. Na Machi 2012 ukatolewa Rukwa, ukawa makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Mzee aliyekaa katika nyumba ile ile muda wote huo, asihamishe hata kitanda, ameishi katika mikoa mitatu. Jirani zetu wa Katumba na Mishamo wanalijua jambo hili kwa uchungu zaidi. Walikuja wakikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, na ya Mishamo mwaka 1978. Walipokubaliwa kuwa raia waliambiwa kwanza kwamba yawapasa kuhamia mikoa mingine, mpaka mpango huo ulipoachwa, wakabaki mahali walipowazika wazazi wao. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nyumba zilipewa namba na barabara zikapewa majina. Walakini barua ya posta bado haibishi hodi katika nyumba za walio wengi. Hukaa katika sanduku, na sanduku lenyewe aghalabu si la mtu mmoja. Ni la shule, la misheni, la msikiti, au la halmashauri, na mwenye ufunguo ndiye bawabu wa habari za watu wote.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ualimu wakati ule ulikuwa kazi ya kuhama. Alifundisha Inyonga, akafundisha Karema kando ya Ziwa Tanganyika, akarudi Mpanda. Barua zilikuja kwa treni katika ile reli ya kilometa 210 hivi itokayo Kaliua, iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki ikibeba watu, mahindi na mifuko ya barua. Kila alipohamishwa, baba aliandika karatasi ndogo kwa mkono wake kumwarifu karani kwamba tangu tarehe fulani barua zake zipelekwe kwa Mwalimu Mkuu wa shule fulani. Alitia sahihi, akatia tarehe, akaweka nakala katika daftari lake la maandalio ya masomo. Karani alikata anwani ya kale kwa mstari wa wino, akaandika mpya pembeni, na barua ikapanda lori. Sisi watoto tuliweza kuisoma safari nzima juu ya bahasha kabla ya kujua kilichomo ndani. Nikiikumbuka leo karatasi ile naona kwamba ilikuwa na heshima kubwa kuliko udogo wake. Ilitoka kwa mwenye barua, ilionekana kwa macho, na siku alipotaka kuifuta alikwenda akaifuta.

Nilipofika shule ya bweni niliona upande wa pili. Huko barua zetu zilifunguliwa na mwalimu wa zamu kabla hatujapewa. Sitaitaja shule hiyo, na haikuwa peke yake. Ilikuwa desturi ya mahali pengi, na wazazi wengi waliiona njema. Tulikasirika, tukanyamaza. Jambo moja tu lilitufariji: bahasha iliyofunguliwa ilikuwa imechanika. Tulijua kwamba macho ya mtu mwingine yamepita, na tuliwaonya ndugu zetu waandike kwa hadhari. Barua pepe haichaniki. Yaweza kusomwa na watu 10 njiani ikafika safi kama iliyotoka kwa mwandishi sasa hivi. Hapo ndipo tofauti ilipo, na mtu akiisahau tofauti hiyo atadhani kwamba tunazungumza juu ya vifungo vya kompyuta.

Sasa nitaeleza kisa ambacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Marehemu kaka yangu aliacha binti aliyesoma kilimo hata akapata stashahada. Alipomaliza alirudi Mpanda kutafuta kazi. Hakuwa na kompyuta wala simu ya intaneti; alikuwa na simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo kiswaswadu. Kwa hiyo alifanya kama wafanyavyo mamia ya vijana katika miji yetu: alikwenda steshenari. Msomaji wa mjini mkubwa huenda akadhani kwamba steshenari ni duka la kalamu na madaftari. Katika wilaya zetu steshenari ni posta, ni ofisi ya ajira, ni wakili mdogo, ni mpiga picha na ni mwandishi wa barua za wasiojua kuandika. Hapo huombwa mikopo ya chuo, hapo hujazwa maombi ya kazi, hapo hutolewa nakala za vyeti. Na kwa kuwa maombi hayo yote hudai anwani ya barua pepe, hapo pia hufunguliwa masanduku ya barua ya watu ambao hawajapata kugusa kompyuta.

Kijana wa duka alimfungulia binti yetu sanduku la Gmail. Alichagua neno la siri yeye, akaliandika katika daftari kubwa lenye majina ya wateja wake wote. Mahali pa kuandika namba ya simu aliandika yake. Kisha akaingia katika mipangilio, akaweka amri kwamba kila barua ipelekwe mbele kwenye anwani ya duka, na nakala ifutwe. Kwa kufanya hivyo aliweza kukaa mbele ya sanduku moja tu akaona barua za wateja wote; mteja wake akiandikiwa, alimpigia simu, akaja, akalipa, akachapiwa barua yake. Sioni sababu ya kumwita kijana huyo mwizi. Alifanya kazi ya karani wa sanduku la shule, na kwa mwaka mzima au zaidi aliifanya kwa uaminifu. Watu wengi walipata habari zao kupitia kwake, na wasingalizipata kwa njia nyingine.

Kisha akaondoka. Wengine walisema amekwenda machimboni kutafuta dhahabu, wengine walisema amehamia mkoa mwingine. Duka likapata mwenyewe mwingine na anwani mpya, na ile ya zamani ikabaki haina mtu. Masanduku ya wateja yakaendelea kupeleka barua huko usiku na mchana kwa utii ambao mashine peke yake ndiyo iwezayo kuwa nao.

Mwaka 2021 nilikwenda nyumbani kwa likizo. Binti alikuja kunisalimu, na baada ya maamkizi nikamwuliza habari za kazi. Akasema, “Baba mdogo, nimeomba mahali pengi, hakuna hata mmoja aliyenijibu. Labda vyeti vyangu ni hafifu.” Alisema maneno hayo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyakubali. Tulikaa na kompyuta yangu. Kwa bahati neno la siri alikuwa nalo, limeandikwa nyuma ya picha yake ya pasipoti. Sanduku lilifunguka, na ndani yake mlikuwa na barua moja tu, ile ambayo kampuni humkaribisha nayo kila mgeni. Nikafungua mipangilio, nikaona anwani asiyoifahamu. Katika pipa la takataka tulikuta barua chache za matangazo. Mengine yote yalikuwa yamepita, kwa kuwa kitu kitiwacho pipani hukaa siku 30 kisha hufutwa kabisa. Tukaiondoa amri, akabadili neno la siri na namba ya simu, tukawaandikia wale aliokuwa amewaomba kazi. Shirika moja lilijibu kwa upole kwamba lilimwandikia mara mbili kumwita katika usaili, na kwamba nafasi ilikwisha kujazwa. Aliisoma barua hiyo, akaniuliza kama inawezekana kuchapwa. Nikamchapia.

Sasa anakodi shamba la mpunga upande wa Mpimbwe, na elimu yake ya kilimo haikupotea. Lakini miaka miwili aliyoishi akiamini kwamba hafai, hiyo hakuna awezaye kumrudishia.

Baada ya hapo nilianza kuuliza mitambo hii imejengwaje. Niliyojifunza yalinishangaza kidogo. Mtu akitaka kupeleka mbele barua zake za Gmail, kampuni hutuma namba ya uthibitisho kwenye ile anwani mpya, na amri haifanyi kazi mpaka namba hiyo irudishwe. Kufuli basi limo katika mlango wa anayepelekewa, asije akafurikwa na barua asizozitaka. Na jambo hilo ni jema. Na mwenye sanduku? Yeye huonyeshwa tangazo juu ya ukurasa kwa wiki ya kwanza. Kwa mtu afunguaye sanduku kila saa, wiki moja ni nyingi. Kwa binti wa Mpanda ambaye hulifungua sanduku lake mara moja kwa miezi, tangazo la wiki moja ni sawa na kengele iliyopigwa msituni. Aliyebuni kanuni hiyo alikadiria kwamba mtu aliyeweka amri na mtu mwenye sanduku ni yule yule. Huko alikokaa huenda ni kweli.

Wezi nao wamekwisha kuugundua upenyo huo. Mwizi akipata neno la siri la mhasibu wa kampuni hana haja ya kuiba siku ile ile. Huweka amri ya kupeleka mbele, akaondoka kimya, akawa anasoma habari za malipo kwa majuma mengi mpaka aone ankara itakayomfaa. Mhasibu akishuku na kubadili neno la siri hupata usingizi usio na sababu, maana amri ile haifutwi na neno jipya la siri. Inakaa pale pale mpaka mtu aende kuiondoa kwa mkono. Ni kwa ajili ya balaa hilo kampuni ya Microsoft mwaka 2020 ilianza kuzuia, katika huduma yake ya barua za maofisi, upelekaji wa barua wenyewe kwa wenyewe kwenda nje ya taasisi, isipokuwa msimamizi aruhusu.

Hivyo tumefika kwenye maofisi, na hapa nina ugomvi na pande zote mbili. Chuo kimoja nilichopata kufundisha kilitoa tangazo kwamba tangu siku ile hakuna mwalimu awezaye kuzipeleka barua za chuo katika sanduku lake la binafsi. Chumba cha walimu kiliwaka moto. Mwenzangu mmoja alisema kwamba barua ni zake, zimeandikwa kwa jina lake, na kwamba kumzuia asizipeleke apendako ni utumwa. Nilimsikiliza, lakini sikukubaliana naye. Barua ile ina mtu wa pili. Mwanafunzi anapomwandikia mwalimu kwamba ameshindwa mtihani kwa sababu ya ugonjwa anaoutaja kwa jina, amemwandikia mwalimu wa chuo, katika sanduku la chuo. Hakumwambia achukue habari ya mwili wake aipeleke katika ghala la kampuni lililo nchi za mbali. Katiba yetu katika Ibara ya 16 inayapa hifadhi mawasiliano ya mtu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mwalimu apelekaye kila kitu mbele bila ya kukitazama anaamua juu ya siri za watu 300 ambao hakuwauliza.

Tena kuna sababu ya ufundi, ambayo haina siasa ndani yake. Mtambo upokeao barua huuliza kama mtambo ulioileta umeruhusiwa na mwenye jina lililo juu ya barua. Barua iliyopelekwa mbele huletwa na mtambo wa katikati, ambao mwandishi wa kwanza hakuutaja. Basi barua ya kweli huonekana kama ya mlaghai, na mara nyingine hutupwa pamoja na takataka. Wale waliokuwa wakijisifu kwamba barua zao zote zinakuja mahali pamoja hawakujua ni ngapi hazikuja.

Lakini chuo nacho sikisifu. Tangazo lilitoka Ijumaa jioni, na upelekaji ulikatwa usiku ule ule. Walimu waliokuwa safarini, ambao kwa miaka walisoma barua za chuo katika masanduku yao ya binafsi, hawakuliona tangazo lenyewe, kwa kuwa lilitumwa katika sanduku wasilolifungua. Taarifa ya mtahini wa nje ililala humo muhula mzima. Na lililoniudhi zaidi lilikuja baadaye, nilipofahamu kwamba wakati mwalimu alikatazwa kuamuru barua zake ziende nje, msimamizi wa mitambo alibaki na uwezo wa kuamuru barua za mwalimu yeyote ziende kwa mtu mwingine ndani ya chuo, bila ya mwalimu kuarifiwa. Sisemi kwamba uwezo huo ulitumika vibaya, sina ushahidi. Nasema kwamba mwalimu wa zamu wa shule yangu ya bweni angefurahi sana kuwa nao.

Watu wa mitambo husema kwamba mtumiaji akipewa hiari atajidhuru. Wanasema kweli nusu. Binti yetu hakujidhuru kwa kuwa na hiari. Aliumia kwa sababu hiari yake ilishikwa na mwingine, na hakuna kitu kilichomwambia. Kumnyima hiari hiyo kusingalimsaidia, maana siku akipata kazi Karema au Mishamo huenda akataka barua zake zimfuate, kama baba yangu alivyotaka zake. Kingalimsaidia kitu rahisi: amri ile ionekane daima katika ukurasa wa kwanza, si kwa wiki moja, na kila baada ya miezi michache mtambo umpelekee ujumbe mfupi katika simu yake, kwa Kiswahili, usemao kwamba barua zako zinapelekwa kwenye anwani fulani, je, ndivyo upendavyo? Ujumbe mfupi hufika katika simu ya vitufe, hufika Inyonga na Kibaoni, na mwenye simu huusoma hata kama hajui barua pepe ni kitu gani. Na asipojibu kwa muda mrefu, nakala zikae katika sanduku lake zisifutwe. Kampuni zitasema kwamba namba zilizoandikwa ni za vijana wa steshenari. Ni kweli, na hilo latuhusu sisi wenyewe. Ofisi zinazodai anwani ya barua pepe kwa kila mwombaji zingeweza kuuliza pia, katika fomu ile ile, namba ya simu ya mwombaji mwenyewe, na kumwita kwa njia zote mbili.

Kwa sanduku la ofisi nakubali kwamba mlango wa nje ufungwe, mradi ufungwe kwa taarifa ya mwezi mzima, na mradi milango ya ndani iwe na kanuni. Mwalimu aendaye likizo au hospitali aweze yeye mwenyewe kumkabidhi mwenzake barua za kozi, kwa muda ulioandikwa, na siku ikifika amri ife yenyewe. Msimamizi akilazimika kuelekeza barua za mtu kwa sababu ya uchunguzi, pawe na karatasi yenye sahihi ya mkubwa wake na sababu, na mwenye barua aje kuonyeshwa uchunguzi ukiisha. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2019, imekwisha kuwaleta watumishi wengi wa umma katika mfumo mmoja wa barua pepe; basi kanuni ya namna hiyo ikiandikwa mara moja itawafikia wengi.

Limebaki suala la waondokao. Mzee mmoja wa idara yetu alistaafu baada ya kufundisha miaka 31, na sanduku lake lilifungwa siku ile ile aliyokabidhi funguo. Wanafunzi wake wa zamani, walio Bukavu, Muscat na kwingineko, waliendelea kumwandikia juu ya miswada na kamusi, na wote walijibiwa na mtambo kwamba mtu huyo hayupo. Wawili walidhani amekufa. Mmoja akatuma rambirambi kwa idara. Tuliicheka ile rambirambi pamoja na mzee mwenyewe, aliyeomba apewe aisome. Kisha nikaandika pendekezo kwa kamati, kwamba mwenye kustaafu aulizwe anwani yake mpya, na kwa miezi 12 sanduku la kale limjibu kila aandikaye kwa kumtajia anwani hiyo, bila ya kupeleka barua yenyewe. Hapo mwandishi ndiye atakayeamua kama barua aliyomwandikia mwalimu yafaa kumfuata mzee nyumbani kwake. Kamati imepunguza miezi 12 ikawa sita, na imeuliza ni nani atakayelipia.